Usimwombe Mbunge Turubai

Kwa mkazi wa Engutoto, au wa kata nyingine yoyote ya Jiji la Arusha, kukutana na mbunge ana kwa ana ni bahati ya nadra, na bahati hiyo ikija mara nyingi hutumika ovyo. Kikundi cha akina mama humwomba turubai na viti vya msibani, vijana humwomba jezi na mpira, kwaya humwomba vyombo vya muziki, na mwenye harusi humtumia kadi ya mchango. Si aibu kuomba. Kila mmoja anaomba kwa shida yake. Lakini vitu vyote hivyo vinaweza kutolewa na mtu yeyote mwenye nafasi: mwenye hoteli, mfanyabiashara wa madini, ndugu aliyeko ughaibuni. Yapo mambo machache ambayo katika nchi hii hayafanywi na mtu mwingine ila mbunge, na hayo ndiyo ambayo karibu hakuna anayemwomba. Ushauri wangu ni kwamba uyajue hayo machache, ujue na mwezi wa kuyaomba, na uyaombe kwa maandishi.

Tuanze na fedha, maana ndipo ugomvi unapoanzia. Mgombea hupanda jukwaani akaahidi lami, na mpiga kura huishika ahadi hiyo kama deni. Ibara ya 99 ya Katiba ya mwaka 1977 inalizuia Bunge kushughulikia muswada au hoja ya kuongeza kodi, au ya kutoa fedha katika Mfuko Mkuu wa Hazina, mpaka pendekezo litoke kwa Rais na kuwasilishwa na Waziri. Mbunge basi hawezi kusimama Dodoma akachomeka kilomita mbili za lami kwenye bajeti. Anaweza kuisema barabara, kuihoji, kuibana Serikali mpaka iichomeke yenyewe, ila kalamu haiko mkononi mwake. Bunge zima linaweza kuikataa bajeti. Hapo Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge, na mbunge anayekumbuka alichotumia kwenye kampeni hana hamu ya kurudi jukwaani kabla ya wakati.

Ushahidi wa hili uko hapahapa Arusha. Jimbo la Arusha Mjini lilikuwa mikononi mwa CHADEMA kwa miaka 10, tangu Godbless Lema aliposhinda mwaka 2010 mpaka uchaguzi wa 2020. Ndani ya miaka hiyohiyo jiji liliingizwa kwenye mradi wa majisafi na majitaka wa takribani Sh bilioni 520, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na Rais John Magufuli, mwenyekiti wa CCM, akauwekea jiwe la msingi Desemba 2018. Anayesema jimbo la upinzani hunyimwa kila kitu ana kazi ya kuueleza mradi huo. Anayesema mbunge ndiye aliyeuleta naye ana kazi hiyohiyo. Mradi wa ukubwa ule hufuata njia ya wizara, mkataba wa mkopo na mpango wa miaka mingi. Mbunge huukuta njiani, akausukuma au akauchelewesha kwa ukimya wake. Kumpa sifa zote ni kumpendelea, na kumpa lawama zote ni kuwafichia uso waliosaini.

Sasa turudi kwenye turubai. Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu kile kilichokuja kuitwa takrima: mgombea akiwakirimu wapiga kura kwa nia njema na kwa desturi ya ukarimu wetu, haikuhesabiwa rushwa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na asasi za LEAT na NOLA wakalipeleka shauri Mahakama Kuu, na Aprili 2006 vifungu vile vikafutwa. Hoja iliyobeba uamuzi ilikuwa nyepesi kueleweka: ukiruhusu kukirimu, mwenye fedha na asiye nazo hawashindani tena kwa usawa. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Sheria, hata hivyo, huangalia zaidi msimu wa uchaguzi, na miaka minne iliyobaki takrima hurudi ikiwa imevaa nguo za rambirambi na harambee. Anayeiita huruma tu hajapiga hesabu. Kila turubai tunalomwomba mbunge linapandisha kiingilio cha ubunge, na mwalimu au muuguzi mwenye akili ya kututetea anatazama kiingilio hicho akabaki nyumbani. Aliyeingia naye anapaswa kuzirudisha fedha zake mahali fulani, na si rahisi kuzirudisha kwa kuuliza maswali makali.

Wakenya, ambao kutoka hapa ni safari ya saa chache kupitia Namanga, wamelifikisha jambo hili mbali zaidi yetu. Tangu 2003 wabunge wao wa Bunge la Taifa wamekuwa na mfuko wa jimbo wenye fedha nyingi, na mwananchi wa kawaida akampima mbunge kwa madarasa na karo. Agosti 2022 Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema sheria ya mfuko huo ya mwaka 2013 ilikuwa kinyume cha Katiba, kwa sababu, kwa ufupi, anayetunga sheria na kuisimamia Serikali hawezi wakati huohuo kuwa mtekelezaji wa miradi. Madarasa yalijengwa, hakuna anayebisha. Swali ni nani atamhoji mjenzi, ikiwa mjenzi ndiye aliyetumwa kuhoji.

Na watu wa Mlima Meru wana kumbukumbu ya uwakilishi iliyo kongwe kuliko ubunge wenyewe. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru, wanaokadiriwa kuwa 3,000, kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alifika New York, mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akishirikiana na mwanasheria Earle Seaton. Alikuwa na hoja moja, iliyoandikwa, yenye tarehe na maelezo ya kilichotendeka. Nauli yake ilichangwa na Wameru wenyewe. Ardhi haikurudishwa kwa safari ile, lakini shauri lilisikika Tanganyika nzima miaka miwili kabla TANU haijazaliwa. Linalonivutia ni fedha zilikotoka na zilikokwenda. Waliotuma ndio waliochanga, kwa hiyo aliyetumwa alijua anazungumza kwa niaba ya nani.

Sasa tuje kwenye yale machache yasiyofanywa ila na mbunge. Chombo chake cha kwanza ni swali. Kikao cha asubuhi hutenga muda wa maswali: mbunge hupeleka swali lake la msingi mapema kwa maandishi, Waziri au Naibu Waziri hulijibu, kisha mwuliza swali hupewa nafasi ya maswali mawili ya nyongeza. Alhamisi hutengwa muda wa kumwuliza Waziri Mkuu papo kwa papo. Aliyewahi kufuatilia vikao anaujua mchezo. Mbunge huuliza: "Je, ni lini Serikali itajenga kwa kiwango cha lami barabara hii?" Naibu Waziri hujibu kwamba Serikali inatambua umuhimu wa barabara hiyo na itaendelea kuihudumia kwa awamu kadri ya upatikanaji wa fedha. Kwenye nyongeza mbunge huuliza kama Naibu Waziri yuko tayari kuongozana naye baada ya Bunge ili akajionee. Yuko tayari. Meza zinagongwa, na barabara inabaki vilevile. (Kama Manaibu Waziri wangeongozana na wote waliowaahidi, wizara zingefungwa.)

Sehemu ya kosa ni yetu, kwa kuwa tulichompa mbunge ni maneno matatu tu: barabara yetu mbovu. Swali la "lini" hujibiwa bila tarakimu. Swali linalobana huuliza kilichokwisha kutokea, au kilichopaswa kutokea: katika mwaka wa fedha uliopita, barabara hii, yenye jina hili katika orodha ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ilitengewa shilingi ngapi, zimetolewa ngapi, mkandarasi ni nani, mkataba unaisha lini, na kama fedha zilihamishwa, zilihamishiwa wapi. Hapo Naibu Waziri lazima aje na namba, na namba ikishaingia kwenye Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, ile inayoitwa Hansard, haifutiki kwa hotuba. Kwa hiyo anayeandaa barua kwa mbunge amtafutie kwanza nusu ya swali: jina sahihi la barabara, tarehe kalvati liliposombwa, picha mbili, na kiasi kilichotajwa kwenye bajeti, ambacho diwani anaweza kukupatia. Ukampa na swali la nyongeza mkononi, litamsaidia kuliko salamu zote za wapiga kura, kwa sababu nyongeza huulizwa hapohapo, bila muda wa kwenda kutafuta takwimu.

Chukua mfano wa maji. Miamba ya volkano ya Meru huyatia maji madini ya floridi, na meno ya kahawia ya watoto wa Arumeru yanajulikana nchi nzima. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na huko Ngurdoto kipo kituo cha utafiti wa kuondoa floridi, kinachotumia mkaa wa mifupa. Mkazi anayemwomba mbunge "maji safi" anaomba kitu ambacho kila mtu atakiunga mkono na hakuna atakayekijibia. Anayemtaka aulize vipimo vya floridi vya chanzo fulani kwa miezi 12 iliyopita vilikuwa kiasi gani, nani alivipima, na vinabandikwa wapi ili wananchi wavione, anaomba karatasi tu. Wizara haiwezi kujibu kuwa inasubiri fedha za kusoma namba ilizonazo. Maswali ya namna hii hayagharimu bajeti, na ndiyo maana ni magumu kukwepa.

Chombo cha pili ni kushika shilingi. Wizara inapoomba makadirio yake, Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi hufika kwenye mshahara wa Waziri, na hapo mbunge anaweza kutangaza kuwa anakusudia kuondoa shilingi moja kama hatapata maelezo ya kuridhisha. Wengi hukicheka kitendo hiki kwa kuwa shilingi karibu siku zote hurudishwa. Mimi naona wanacheka mahali pasipostahili: kabla haijarudishwa, Waziri huwa amesimama na kutoa ahadi, akiwa na haraka ya kupitishiwa fungu lake, na ahadi hiyo nayo imeandikwa. Wakati mwingine wowote wa mwaka Waziri hana haraka hiyo.

Ndiyo maana kalenda ni nusu ya ushauri huu. Halmashauri huanza kuandaa bajeti ya mwaka ujao kati ya Oktoba na Desemba, na baraza la madiwani huipitisha mapema mwaka unaofuata. Bunge la Bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, na TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa yenye TARURA ndani yake, kwa kawaida huwa miongoni mwa wizara za kwanza kusomewa makadirio. Barua kuhusu kivuko cha mtaa inayofika Mei imeshachelewa mara mbili: jiji limefunga hesabu zake na wizara imeshapita. Barua hiyohiyo ikifika Novemba inakuta milango yote miwili wazi. Watu wetu huandika mvua za masika zinapokuwa zimeshabomoa, yaani Aprili na Mei, miezi mibaya kuliko yote ya kuomba kitu cha mwaka huo. Barua ya masika iandikwe, lakini iandikwe kwa ajili ya Novemba.

Mbunge wa jimbo pia ni mjumbe wa baraza la madiwani, na watu wengi hawamtazami huko. Mtaro uliozibwa, taka zisizozolewa, soko lisilo na choo, hayo ni ya Jiji, na mahali pa kumbana nayo mbunge ni kuuliza alisema nini barazani. Kisha kuna Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioundwa kwa sheria namba 16 ya mwaka 2009. Fedha zake ni kidogo ukilinganisha na za Kenya, mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake, na miradi inatakiwa iibuliwe na wananchi, si na mwenyekiti. Kama umewahi kuona saruji au mabati yakitolewa kwa maneno "mbunge ametusaidia", uliza kwa upole fedha zilitoka mfukoni mwake au kwenye mfuko wa jimbo. Zikiwa za mfuko, hukusaidiwa; umepata chako, na una haki ya kuuona muhtasari wa kikao kilichokigawa. Anayetafuta mtaji wa biashara asimsumbue mbunge kabisa. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu, hupitia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Hakikisha pia unamwandikia anayehusika. Mpaka wa jiji humchanganya mtu: mkazi wa Engutoto yuko Arusha Mjini, lakini wa Ngaramtoni au Kisongo yuko Arumeru Magharibi, na wa Tengeru au Usa River yuko Arumeru Mashariki, hata kama wote hushuka stendi moja. Na kuna tatizo jingine ambalo Arusha inalo sasa. Paul Makonda, aliyetangazwa mbunge wa Arusha Mjini baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, aliingizwa serikalini mwezi uliofuata akiwa Naibu Waziri. Katiba yetu huwachota mawaziri kutoka bungeni, na mbunge aliyechotwa hasimami tena kuiuliza Serikali, kwa kuwa yeye ndiye Serikali. Wapo wanaoshangilia, wakisema jimbo lina mtu karibu na meza ya chakula. Inawezekana kuna ukweli. Atakutana na Waziri wa Maji kwenye korido. Ila maneno ya korido hayaingii Hansard. Jimbo la namna hii linahitaji mdomo wa kuazima: wabunge wa viti maalum wa Mkoa wa Arusha, au mbunge wa jimbo jirani mwenye shida inayofanana na yako. Floridi haijui mpaka wa jimbo. Kanuni za Bunge zinaruhusu pia maombi ya wananchi yawasilishwe na mbunge, na hazisemi ni lazima awe wako.

Atakayenipinga kwa nguvu zaidi atasema: huyu sikumchagua. Katika uchaguzi wa 2025 CHADEMA haikuwa kwenye karatasi ya kura, siku yenyewe iliingia vurugu na intaneti ikazimwa, na katika mji uliokuwa ngome ya chama hicho mtu anayeona kuandika barua ni kukubali yaliyotokea ana hoja inayostahili heshima. Bado naona amechanganya mambo mawili. Ukimdai Waziri namba za floridi kupitia kwa mbunge, hujasaini kwamba uchaguzi ulikuwa wa haki. Umedai kazi inayolipwa kwa kodi yako, na ukimya wako haumpunguzii aliyekaa kwenye kiti kitu chochote, posho wala mshahara. Pingamizi la pili ni kwamba mbunge humwogopa aliyempa tiketi kuliko mpiga kura. Hili ni kweli kwa sheria: Ibara ya 71 inamvua ubunge anayekoma kuwa mwanachama wa chama chake. Ni kweli pia kwa mifano. Mwaka 2025 jina la Mrisho Gambo, mbunge wa Arusha Mjini kwa miaka mitano, lilikatwa ndani ya CCM kabla halijafika kwa wapiga kura.

Pingamizi hilo linanipeleka nisikotaka kwenda, kwa kuwa fimbo tulizonazo kati ya uchaguzi na uchaguzi ni chache mno. Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Warioba ilipendekeza wananchi waweze kumwondoa mbunge kabla ya muda, na mbunge asizidi vipindi vitatu. Bunge Maalum la Katiba la 2014, lililojaa wabunge, likayatoa yote mawili. Mahakama nayo ni njia nyembamba. Aprili 2012 Mahakama Kuu ilimvua Lema ubunge kwa shauri la wapiga kura watatu, na Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikamrudisha, ikisema mpiga kura asiyeonyesha jinsi haki yake mwenyewe ilivyovunjwa hawezi kufungua kesi ya namna hiyo. Jimbo lilikaa zaidi ya miezi minane bila mbunge. Kinachohesabiwa kwa ukali ni mahudhurio: Machi 2019 Spika Job Ndugai alitangaza kuwa Joshua Nassari wa Arumeru Mashariki amepoteza kiti kwa kukosa mikutano mitatu mfululizo bila ruhusa. Mbunge anaweza kukaa kimya miaka mitano na asiguswe, lakini akikosa mikutano mitatu anaondoka. Kwa sheria hizo, anayeweza kumpima kwa alichosema ni mwananchi anayetunza karatasi, na chama, hata kikiwa na sababu zake, huona ugumu kumrudisha mtu ambaye kila kata ina nakala ya maswali aliyopewa na hakuyauliza.

Basi barua iwe ya ukurasa mmoja, yenye jambo moja. Itokane na mkutano wa wakazi wa mtaa, iambatane na muhtasari wenye saini na muhuri wa mwenyekiti, na ipelekwe ofisi ya mbunge kwa mkono, katibu wake agonge "imepokelewa" na tarehe juu ya nakala yako. Nakala nyingine apelekewe diwani, na moja mbunge wa viti maalum. Baada ya kila mkutano wa Bunge kijana mmoja wa mtaa afungue tovuti ya Bunge, atafute jina la mbunge, asome alichouliza na alichojibiwa, kisha akisome kwenye mkutano unaofuata wa mtaa. Kazi ya nusu saa na bando dogo. Na nakala moja ya kila kitu ibaki kwenye faili la ofisi ya mtaa badala ya nyumbani kwa mwenyekiti, maana wenyeviti waliochaguliwa Novemba 2024 nao wataondoka, na wengi huondoka na mafaili.